Utabiri wa Mei, Hesabu ya Septemba

Kila mwaka baridi inapoanza kuuma huko Bondeni, mwezi Mei au mwishoni mwa Aprili, wakubwa wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, huita waandishi wa habari na kuwaonyesha jedwali. Jedwali lenyewe halina mbwembwe. Upande mmoja zimeandikwa megawati za mitambo inayoweza kuharibika ghafla. Upande wa pili imeandikwa ngazi ya mgao itakayofuata; namba ikipanda, giza linazidi. Mitambo ikiharibika kiasi hiki, mgao utafika hapa. Ikiharibika zaidi, utafika pale. Basi. Wanakunja makaratasi, na nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 inaingia kwenye miezi mitatu ya hita, blanketi na birika.

Mei 2023 mstari wa chini kabisa wa jedwali ulisema hivi: mitambo ya megawati 18,000 ikiwa nje kwa hitilafu zisizopangwa, mgao utafika ngazi ya 8. Vichwa vya habari vikabeba maneno mawili tu, ngazi nane. Ile "ikiwa" ilibaki ukumbini pamoja na chupa tupu za maji.

Hiyo "ikiwa" ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Nadhani ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote ambavyo shirika la umeme linaweza kumpa mwananchi kabla ya baridi, na ndiyo inayopotea kwanza. Tumezoea kufikiri kwamba kuujulisha umma ni kuchagua kati ya kutuliza na kutisha: mkurugenzi mmoja anasema hali ni shwari, mwingine anasema jiandaeni kwa magumu. Wote wawili wamejiachia mlango wa nyuma. Lakini anayetoa sharti lenye tarakimu amejifunga kamba mwenyewe. Septemba ikifika, mtu yeyote mwenye kalamu na daftari anaweza kumrudia: ulisema hizi, zimeharibika ngapi?

Tuelewane kwanza baridi inafanya nini huko. Sisi wa karibu na Ikweta tumezoea mgao unaoletwa na ukame. Maji yalipopungua bwawa la Mtera, Dar es Salaam watu walitafuta mishumaa. Afrika Kusini zaidi ya asilimia 80 ya umeme hutokana na makaa ya mawe, kwa hiyo ukame hauwatishi sana kwa upande huu. (Mvua ndiyo imewahi kuwaponza: Desemba 2019 makaa yaliyolowa yalikuwa miongoni mwa sababu zilizoipeleka nchi ngazi ya 6 kwa mara ya kwanza.) Kinachowatesa Juni hadi Agosti ni jioni. Kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku watu wamerudi nyumbani, hita zinawashwa, majiko yanawashwa, na mapipa ya kuchemshia maji ya kuoga yanaanza kazi kwa pamoja nchi nzima. Hayo mapipa wenyewe wanayaita "geyser", jina ambalo kwa sikio la Mswahili linasikika kabisa kama "giza". Sijui kama kuna nchi nyingine duniani ambako giza huoshwa nalo mwili kila asubuhi, na jioni likazidi likaleta giza lenyewe.

Kwa makaratasi, mitambo ya Eskom inapita megawati 46,000, na mahitaji ya jioni ya baridi ni zaidi ya 30,000. Mtoto wa darasa la tano atakwambia umeme unatosha na kubaki. Ila mwaka ule wa 2023 uwezo uliokuwa ukipatikana kweli ulikuwa asilimia 55 hivi. Mitambo mingine ilikuwa kwenye matengenezo ya ratiba, mingine imekufa tu. Na kwa kuwa matengenezo makubwa husogezwa kwenye miezi ya joto ili baridi ikute mitambo mingi iko kazini, tarakimu inayobaki kuamua kila kitu ni ile ya hitilafu za ghafla. Ndiyo sababu jedwali la Mei limejengwa juu ya tarakimu hiyo moja. Ukiifahamu, unaweza kukaa sebuleni kwako Soweto au Durban na kujua usiku wa leo utakuwaje kabla hujaambiwa na yeyote.

Haikuwa hivi zamani, na inafaa kukumbushana ilikuwaje.

Mwaka 1998 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha sera yake ya nishati. Ndani yake iliandikwa wazi, bila kificho, kwamba ziada ya umeme wa Eskom ingemalizika kufikia mwaka 2007 hivi. Onyo hilo lilikuwa hadharani. Kila aliyetaka angeweza kulisoma. Mwaka 2007 ukafika, na mgao ukafika nao. Januari 2008 migodi mikubwa ilisimamisha uzalishaji kwa siku kadhaa, maana hakuna anayepeleka watu kilomita kadhaa chini ya ardhi bila kuwa na hakika kwamba lifti itawarudisha. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Rais Thabo Mbeki alikuwa ameomba radhi: Eskom waliomba mapema fedha za kujenga vituo vipya, serikali ikasema bado, na kumbe Eskom ndio waliokuwa sahihi.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Taarifa ilikuwepo, tena sahihi kwa mwaka wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia kila msimu, wa kusema mwaka huu ziada ilikuwa kiasi hiki, mwaka jana ilikuwa kiasi kile, imebaki miaka mitatu iishe. Kuandika jambo kwenye waraka wa serikali ni sawa na kumwambia jirani habari ya moto kwa barua ya posta.

Kisha kuna kisa cha bolti. Desemba 2005, katika kituo cha nyuklia cha Koeberg karibu na Cape Town, bolti iliyolegea iliingia ndani ya jenereta ya mtambo namba moja na kuiharibu vibaya. Cape iko mwisho wa waya: makaa na vituo vikubwa viko kaskazini mashariki, kilomita zaidi ya elfu moja, na Koeberg ndiyo ilikuwa ikiushikilia mkoa. Umeme ukaanza kukatika. Tarehe 28 Februari 2006, siku moja kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, waziri Alec Erwin akajitokeza na kuzungumza kwa namna iliyowafanya watu wote waelewe kwamba kulikuwa na hujuma. Uchunguzi uliofuata haukuona hujuma. Miezi michache baadaye waziri naye akakana kwamba alisema hivyo. Fikiria wewe ni mkazi wa Cape Town, Juni inakuja, kituo chako kimeumwa, rota ya kuazima iko baharini kwenye meli kutoka Ufaransa, na kauli nzito kuliko zote uliyoipata kutoka serikalini ni ya mhujumu asiyekuwepo.

Lakini ni mkoa huohuo, baridi hiyohiyo ya 2006, uliozaa moja ya njia bora za kumjulisha mtu habari za umeme nilizowahi kuziona. Iliitwa Power Alert. Jioni, katikati ya vipindi vya televisheni, ulitokea mchoro mdogo wa rangi: kijani maana yake gridi inapumua, chungwa imeanza kuhema, nyekundu zima usivyovihitaji sasa hivi, na kahawia tunakaribia kukata. Mtu alikuwa anatazama tamthilia, anaona rangi, anainuka kuzima pipa la maji, anarudi kukaa. Wakati huohuo Eskom waligawa balbu za kubana matumizi kwa mamilioni na kuwapa watu wa vitongoji mitungi na majiko ya gesi wabadilishane na majiko yao ya umeme. Taarifa ilikuja na kitu cha kufanya mkononi. Baadaye Power Alert ilienea nchi nzima.

Na hapa nina jambo ambalo huenda ni bahati tu, ila linanivutia. Miaka miwili baadaye, 2008, Wafaransa walianzisha mfumo wa rangi unaofanana na huo, wakauita EcoWatt. Walianzia wapi? Bretagne, rasi iliyoingia baharini upande wa magharibi, isiyo na vituo vikubwa vya kwake, inayosubiri umeme kutoka mbali. Cape na Bretagne, zote ziko mkiani mwa waya. Inaelekea anayekaa mkiani ndiye hufundishwa mapema kuongea na gridi. Anayekaa karibu na mtambo hudhani umeme hutoka ukutani.

Nirudi kwenye ngazi. Mfumo wa ngazi ni rahisi: kila ngazi ni megawati 1,000 zinazoondolewa kwenye gridi. Ngazi ya 1 hutaijua vizuri, ngazi ya 4 inakuharibia ratiba, ngazi ya 6 inakufilisi kama unauza nyama. Ya 8 ingekuwa kama saa 12 za giza kwa siku. Mtaa wako una namba ya kundi. Ukijua kundi na ngazi, unajua saa. Vijana wakaja na programu ya simu iitwayo EskomSePush, inayokutumia ujumbe dakika 55 kabla ya umeme kuondoka. Dakika 55 zinatosha kupika wali, kuchaji simu, kumwambia fundi wa kuchomelea amalizie geti. Mamilioni wakaiweka, na kwa muda nchi nzima ilikuwa na lugha moja. Profesa wa chuo na muuza vitunguu walisemezana kwa tarakimu: "Leo tuko ngapi?" "Tuko nne, jioni tunaingia tano."

Nakiri naisifu lugha hiyo kwa wivu. Sisi kwetu mgao ulipokuwa mkali tulikuwa na ratiba zilizobandikwa na kubanduliwa, na mara nyingi jibu la uhakika ulilipata kwa kuchungulia kama kwa jirani kuna taa.

Hata hivyo ngazi zilikuwa na sumu yake. Zikaanza kufanana na habari za hali ya hewa. Mtu haulizi kwa nini mvua inanyesha, anachukua mwavuli. Mwaka 2022 mgao ulipita siku 200, na 2023 ukapita 300, na katika kipindi hicho taarifa za Eskom zilikuwa zikitaja mitambo iliyoanguka kama orodha ya wagonjwa wodini: mtambo mmoja Kendal, mwingine Tutuka, mwingine Majuba. Nani alikuwa akizisoma? Watu walishuka moja kwa moja kwenye tarakimu ya ngazi. Juni 2022 ngazi ya 6 ilirudi kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamegoma; Oktoba 2022 bomba la moshi la Kusile liliporomoka na kuzima mitambo mitatu ya kituo kipya kabisa; mwishoni mwa mwaka Koeberg mtambo mmoja ukazimwa kwa miezi mingi ili ubadilishiwe majenereta ya mvuke. Sababu tatu tofauti, zenye wahusika tofauti na dawa tofauti. Kwa mwananchi zote zilifika zikiwa zimevaa shati moja: ngazi ya 6.

Ndipo Mei 2023 jedwali lenye mstari wa ngazi ya 8 lilipotoka. Baridi ikapita. Ngazi ya 8 haikutangazwa hata siku moja. Ngazi ya 6 ilikuwepo mwanzoni, kisha mgao ukalegea katikati ya msimu, ukarudi kukaza Septemba. Mitaani malalamiko yakawa mawili kwa pamoja, na yanapingana: wapo waliosema Eskom walitutisha bure, wapo waliosema Eskom hawajui hesabu. Wachache sana walirudi kwenye sharti lenyewe na kuuliza: hitilafu zilifika 18,000? Hazikukaa hapo. Basi jedwali halikukosea. Hali iliyoelezwa kwenye mstari ule haikutokea. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Watu wenye uwezo walikuwa wamefunga sola juu ya paa kwa kasi ya ajabu. Kwa makadirio ya Eskom wenyewe, sola za mapaani zilipita megawati 4,000 katikati ya 2023, kutoka chini ya 1,000 mwaka mmoja na ushee kabla. Sola haiwaki saa 1 usiku, kweli, lakini inapunguza mzigo mchana, mabwawa ya akiba ya kuzalishia umeme yanajazwa, na jioni gridi inaingia uwanjani ikiwa imekula.

Tatizo la onyo lisilotimia tunalijua, hasa wenye watoto. Ukimwambia mtoto usipande huo mwembe utaanguka, akashuka, kesho atakwambia mbona sikuanguka. Ufaransa walilipata tatizo hili kwa kiwango cha taifa.

Mwaka 2022 Wafaransa walijikuta na vinu vya nyuklia 56 ambavyo mwishoni mwa kiangazi 32 kati yake vilikuwa vimesimama, vingine kwa matengenezo, vingine kwa sababu mabomba yameonekana na nyufa za kutu. Gesi ya Urusi nayo ilikuwa imekatwa. Ufaransa nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, kiasi kwamba nyuzi moja ya joto ikishuka jioni ya baridi, mahitaji hupanda kwa megawati 2,400 hivi. Hiyo ni zaidi ya bwawa zima la Julius Nyerere kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo wakaitoa EcoWatt ikawa ya kila mtu: kijani, chungwa, nyekundu, siku tatu mbele, kwenye televisheni karibu na utabiri wa mvua. Mwishoni mwa Novemba serikali ikawaandikia wakuu wa mikoa jinsi ya kujiandaa na kukata umeme kwa zamu, saa mbili mbili, na ikafahamika kwamba shule zingeweza kufungwa asubuhi na treni kusimama. Watu wakashtuka. Rais Macron, akiwa Tirana mapema Desemba, akatoka na kusema acheni hadithi za kutisha. Yaani serikali ileile iliyotoa tahadhari ikaikemea tahadhari yake ndani ya wiki moja.

Matokeo? Baridi nzima EcoWatt haikuwaka nyekundu. Haikuwaka hata chungwa. Matumizi ya umeme yalishuka kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na miaka ya kabla ya korona, hata baada ya kuondoa athari ya hali ya hewa. Bei ilichangia sana, viwanda vikapunguza kazi, na baridi yenyewe ilikuwa ya huruma. Ila ukimuuliza Mfaransa wa kawaida, atakwambia walipiga kelele nyingi kwa jambo ambalo halikutokea. Ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, serikali ya Uingereza Oktoba hiyohiyo ilikataa kufanya kampeni ya kuwaomba wananchi wabane matumizi, kwa hoja kwamba haitaki kuwa yaya wa watu wazima. Waendeshaji wa gridi wakazunguka kwa mlango mwingine: wakawalipa watu wanaokubali kuhamisha matumizi yao saa za kilele. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 1.6 zikajiunga. Waingereza waliambiwa kwa pochi kile ambacho serikali yao iliona haya kuwaambia kwa mdomo.

Ningependa Ufaransa wangerudi mwezi Aprili mbele ya kamera zilezile za Novemba, kwa kishindo kilekile, waonyeshe: tulisema ikiwa vinu vitarudi polepole na baridi ikawa kali, tutakata, vinu vilirudi kwa kasi hii, baridi ilikuwa hivi, nanyi mlipunguza kiasi hiki. Mashirika ya gridi huandika ripoti za namna hiyo, tena nzuri, zenye grafu. Zinasomwa na wahandisi. Hesabu haikurudi mahali ambapo hofu ilitolewa.

Kuna kosa lililo baya zaidi ya kutisha bure, nalo ni kukosa mstari kwenye jedwali. Texas, Februari 2021. Waendeshaji wa gridi ya huko, ERCOT, walikuwa wametoa tathmini yao ya msimu Novemba: mahitaji ya kilele ya kawaida chini ya megawati 58,000, na hali mbaya kabisa waliyoifikiria ikawa 67,000 na ushee. Usiku wa Jumapili tarehe 14 Februari mahitaji yakapita 69,000, na hapo baridi ilikuwa bado inazidi. Usiku wa manane mitambo ikaanza kuanguka, ya gesi kuliko yote, kwa sababu visima na mabomba yaliganda. Na baadhi ya mitambo ya kusukuma gesi ilikatiwa umeme kwa kuwa hakuna aliyeiandikisha kama mteja asiyekatwa. Gridi yote ilikuwa dakika 4 na sekunde 37 kutoka kuanguka kabisa. Wakakata megawati 20,000. Wananchi walikuwa wameambiwa watarajie kukatiwa kwa zamu, kwa muda mfupi. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakaa gizani, wengine kwa siku, ndani ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya joto. Idadi rasmi ya waliokufa ni 246.

Katika habari ile neno "zamu" ndilo lililoua imani. Zamu ni kitu kinachozunguka. Aliyekatiwa alisubiri zamu ya mwenzake ifike, haikufika, hakutafuta hifadhi mapema, hakwenda kwa ndugu barabara zikiwa bado zinapitika.

Sasa nije kwenye majina ambayo kukata umeme hupewa. Afrika Kusini mwaka 2024 ilifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mgao ulisitishwa tarehe 26 Machi, ukaenda hivyo baridi nzima bila kurudi hata saa moja, hadi Januari 31 mwaka uliofuata. Uchaguzi mkuu ulikuwa Mei 29, na kama unavyojua mwanadamu aliyeumwa na nyoka, kila kona walisema huu ni umeme wa kampeni, wanachoma dizeli ili ANC ishinde, Juni tutarudi gizani. ANC wakapoteza wingi wao bungeni, Juni ikaja, na taa zikaendelea kuwaka. Kilichowasaidia Eskom kwenye mjadala huo ni kwamba katika taarifa zao walikuwa wakiandika fedha walizotumia kwa dizeli na kuzilinganisha na mwaka uliotangulia, nazo zilikuwa zimeshuka. Anayesema mnachoma dizeli anaonyeshwa risiti. Sijasema wote waliamini. Ila ubishi ulikuwa na mahali pa kwenda.

Lakini katika baridi hiyohiyo isiyo na mgao, kuna mitaa Soweto, na vitongoji vya Limpopo na kwingineko, iliyokuwa ikizimwa asubuhi na jioni. Hawa hawakuwa kwenye mgao. Walikuwa kwenye kitu kingine, ambacho Eskom hukiita kupunguza mzigo, kilichoanza kutumika sana mwaka 2020. Maelezo yake ni haya: mtaa una watu wengi waliojiunganishia kienyeji au wasiolipa, transfoma inazidiwa jioni, ikilipuka itachukua miezi kuibadilisha, kwa hiyo bora tuuzime mtaa saa za kilele ili kuinusuru. Kihandisi hoja ina uzito. Transfoma zinalipuka kweli. Mwaka 2025 Eskom wenyewe walihesabu wateja walioguswa na utaratibu huu kuwa zaidi ya milioni 1.5, na miongoni mwao wamo wanaolipa kila senti, ambao kosa lao ni kuishi jirani na wasiolipa.

Hapa Kiswahili kinanisaidia. Sisi tunasema mgao, na neno hilo linabeba kugawana: leo mimi, kesho wewe, kilichopo kidogo tunakigawa. Wao wanasema kushusha mzigo na kupunguza mzigo. Katika maneno yote mawili, mzigo ni mteja. Tofauti ya kwanza na ya pili ni kwamba ya kwanza inamgusa daktari wa Sandton, mtaa wa matajiri wa Johannesburg, ya pili haimgusi. Na ni ya kwanza tu iliyokuwa na ngazi, programu za simu zenye mamilioni ya watumiaji, waziri wake maalumu na mkutano wa wanahabari karibu kila wiki.

Mei 2025 jedwali likatoka tena. Hitilafu zikikaa chini ya megawati 13,000, hakuna mgao kabisa. Zikifika 15,000, mgao hautazidi ngazi ya 2 na hautazidi siku 21 katika siku 153 za kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Agosti. Septemba wakarudi na hesabu: katika siku zote hizo, mgao ulikuwa wa saa 26. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Sharti, tarakimu, tarehe ya kuanzia, tarehe ya kuishia, na mtu yuleyule anarudi kusoma matokeo.

Mama wa Diepsloot, kitongoji cha maskini Johannesburg, aliyewasha mkaa ndani ya chumba jioni ya Julai, umeme ukiwa umezimwa kuanzia saa 11 hadi saa 4 usiku, hayumo kwenye zile saa 26. Jedwali la Mei lina safu ya megawati, safu ya ngazi na safu ya siku. Lina nafasi ya safu moja zaidi: nyumba ngapi zitazimwa kwa jina lingine, mitaa gani, saa ngapi, hadi lini. Waiweke, kisha Septemba waisome kwanza.